Andalio la Somo Lianze na Mtoto

Mwanachuo unayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, nakusihi usiyaache bwenini madaftari yako ya saikolojia ya elimu. Hapa Kisauni, Mombasa, nimewapokea walimu wanafunzi wengi darasani mwangu. Wamewakariri vizuri kwa ajili ya mtihani Piaget na Vygotsky, wanasaikolojia walioeleza namna mtoto anavyofikiri na kujifunza, lakini kwenye andalio la somo huoni hata alama yao.

Tuseme unafundisha kutoa katika Gredi ya 3: 52 toa 27. Piaget alieleza kwamba mtoto wa miaka 7 hadi 11 hivi hufikiri barabara akiwa na vitu halisi mbele yake. Basi usikimbilie ubao. Wape vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mtoto akiona vijiti viwili vya pembeni havitoshi kutoa saba, atafungua fungu mwenyewe, na hapo kuna somo lako lote.

Kwa atakayekwama, mkumbuke Vygotsky: lile asiloliweza peke yake ataliweza akisaidiwa kidogo. Hicho kidogo kiandike kabla hujaingia darasani. Kwanza, “Mamoja yako yanatosha?” Asipopata, “Ukifungua fungu moja utakuwa na mangapi?” Bado? Fanyeni moja pamoja, kisha umwachie la pili. Msaada usioondolewa humzoesha mtoto kukungoja.

Na hili nalisema kwa uzito: usiwanyamazishe wanaponong’ona. Somo la hisabati huku mara nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mtoto wa Mombasa akihesabu utamsikia, “nikitoa hapa, yabaki…” Vygotsky aliyachukulia maneno hayo anayojisemesha mtoto kuwa ndiyo fikra yenyewe ikifanya kazi. Wawili wawili, wajadiliane kwa Kiswahili, kisha jibu walitoe kwa Kiingereza. Mimi siogopi kelele za namna hiyo.

Kuhusu nidhamu, kiboko kilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001, na Skinner mwenyewe, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi tuzo na adhabu zinavyobadili tabia, hakuamini adhabu. Msifu mtoto papo hapo, tena kwa alichokifanya: “Umekumbuka kufungua fungu.” “Hodari” tupu haimwambii arudie nini.

Mhadhiri akija kukutathmini, andalio lako liwe na sababu ya kila zoezi pembeni, mstari mmoja tu. Ukikosa cha kuandika hapo, liondoe zoezi hilo, muda wake uwape waliokwama.