Molasi kwenye nyanya: mimi nilianza kwa kuziharibu

Mkuu, umeuliza kama molasi (ule urojo mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikitengenezwa) inafaa kumwagia nyanya, maana umeona video za Wamarekani wakimwagia bangi wiki za mwisho ili maua yawe mazito. Mimi nalima Mabogini, chini ya mji wa Moshi, na molasi nimeitumia misimu minne. Bangi siijui, na sheria yetu hairuhusu hata mche mmoja, kwa hiyo nitajibu ya nyanya.

Kwanza tuondoe hili la kwamba molasi inaongeza utamu na uzito. Mmea haunywi sukari kwa mizizi ukaipandisha kwenye tunda au ua. Sukari yake unaitengeneza wenyewe kwenye majani, kwa jua. Anayekula molasi ni bakteria na kuvu wa udongoni. Wakishiba wanazaana, wanavunja samadi na mabaki haraka zaidi, na virutubisho vilivyokuwa vimefungwa humo ndivyo vinavyoufikia mmea. Sasa kama shamba lako halina samadi wala mboji, umewapikia vibarua uji asubuhi na shamba la kulima hakuna.

Wengine watakuambia ina potasiamu, kirutubisho cha mmea. Ni kweli inayo, lakini piga hesabu. Mimi naweka robo chupa ya soda kwenye ndoo ya lita 20, tuseme mililita 80. Molasi ni nzito kuliko maji, hiyo ni kama gramu 110, na potasiamu humo ni asilimia tatu hivi. Unapata gramu 3 na kitu. Ndoo hiyo inamwagilia miche 20. Kila mche umepata chini ya gramu 0.2! Majivu ya jikoni kwa mama yana potasiamu zaidi ya hiyo, na ni ya bure.

Msimu wa kwanza sikujua yote haya. Molasi kwetu si shida kupata, kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini na maduka ya pembejeo wanauzia wafugaji. Nikabeba dumu la lita 20 kwa bodaboda, dereva akalalamika njia nzima kwamba nimemdanganya uzito (alikuwa na haki, linafika kilo 28). Nikachanganya nusu lita kwa ndoo, nikamwaga kwenye miche ya wiki tatu, tena kwenye matuta niliyokuwa nimechanganyia pumba mbichi za mpunga. Ndani ya siku nane miche ikawa ya njano kuanzia majani ya chini. Sisimizi wakajaa. Shamba likanuka kama mbege iliyochacha, mama wa shamba la jirani akaniuliza, "Wee kijana, umeamua kuzilewesha?"

Kilichotokea ni hiki. Bakteria wakipewa sukari nyingi kwa mpigo wanazaana kwa fujo, na ili wajenge miili yao wanahitaji naitrojeni, kirutubisho kilekile kinachoyapa majani ukijani. Pumba nazo hazina naitrojeni ya maana. Wakaichukua ile iliyokuwa kwenye udongo, miche ikabaki inawatazama. Naitrojeni haikupotea, ilirudi bakteria walipokufa, lakini nilisubiri karibu wiki tatu na ilibidi nimwage maji ya samadi kuziokoa.

Msimu uliofuata nikatenga matuta mawili, yote yana samadi iliyoiva, moja likapata molasi kila baada ya wiki mbili. Nikuambie ukweli: matunda sikuona tofauti ya kupeleka sokoni. Mke wangu alionja za pande zote akasema ni nyanya tu. Tofauti niliiona kwenye udongo: tuta la molasi lilikuwa jepesi kuchimba na lina minyoo zaidi. Kwa tuta moja siwezi kuapa kwamba ni molasi.

Inaponilipa ni kwenye lundo la mboji. Nusu lita kwenye ndoo, nanyunyizia kila tabaka la mabua na samadi, lundo linapata moto mapema. Huko bakteria wana kazi na naitrojeni ipo.

Usiipitishe kwenye mipira ya dripu (umwagiliaji wa matone), matundu yataziba. Usiipulizie majani, itaota ukungu mweusi na kuita sisimizi, na sisimizi wanafuga vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Na ile ya kuloweka samadi mbichi pamoja na molasi siku mbili tatu, tafadhali iogope: molasi haichagui bakteria wa kulisha, na wale wa kinyesi wanaoumiza tumbo nao wanaongezeka. Nyanya inaliwa kachumbari. Kama lazima, mwaga chini tu, na uache mapema kabla ya kuvuna.

Ukinunua, chovya kijiko uinue. Nzuri inashuka kama uzi mrefu mzito. Ikimiminika kama chai ya rangi wameongeza maji, na hiyo itachacha ndani ya dumu mpaka livimbe. Nzito haichachi kirahisi. Usishangae muuzaji akikuuliza ni ya ng'ombe au ya mtambo, huku wapika gongo nao ni wateja.

Dumu langu la mwisho liko Kibosho, kule mlimani, kwa mama, anawanyunyizia ng'ombe mabua makavu wayale. Samadi yao ndiyo inashuka Mabogini. Wewe shamba lako liko upande gani, na samadi unayo kiasi gani?