Kalamu ya milioni tatu: kabla hujalipa, ijaribu kwa mkono wako na karatasi yako

Mleta mada, nimekuelewa hivi: bonasi imeingia, roho inataka Montblanc 149, ile kalamu ya wino ya Kijerumani, na mama watoto kasema ukinunua kalamu ya milioni tatu na yeye ananunua friji ya milioni tatu. Mdau mmoja hapo juu kakwambia biki ya shilingi mia tano inaandika vilevile, mwingine kakwambia mwanaume ni kalamu na saa. Wote wawili sikubaliani nao, ila huyo wa biki yuko karibu zaidi na ukweli, nitafika huko.

Mimi ni wakili, niko Tanga, na naandika kwa mkono wa kushoto. Hilo la kushoto si porojo, lina kazi yake kwenye habari hii. Kalamu za wino nimezishika tangu shule. Marehemu baba alikuwa TAZARA enzi reli inajengwa, na fundi mmoja wa Kichina alipomaliza muda wake akamwachia Hero 616, kalamu ya Kichina iliyoiga umbo la Parker 51 ya Kimarekani: nibu, ile ncha ya kuandikia, imefichwa ndani ya kichwa, imechomoza kidogo tu kama pua ya kobe. Unafungua, unabinya kimpira mara nne tano ndani ya kidau, inanyonya, unaifuta kwa kitambaa, kazi inaanza. Hero haijawahi kuwa kalamu ya matajiri, na ile ya mzee mpaka leo inaandika, ingawa kile chuma cha kubinyia kimeota kutu na klipu imelegea.

Sasa tuje kwenye bei. Ukitoka kwenye biki ukaingia kwenye kalamu yoyote ya wino iliyo nzima, tofauti unaiona siku hiyohiyo: huhitaji kukandamiza. Biki inataka nguvu ili kile kigololi kizunguke. Kalamu ya wino inataka kugusa karatasi tu, wino unashuka wenyewe kwenye ufa wa nibu. Kwa mtu anayeandika kurasa ishirini kwa siku hilo peke yake ni faida, mimi kidole gumba kilikuwa kinaniuma mpaka usiku.

Ukitoka nibu ya chuma ukaenda nibu ya dhahabu, tofauti ipo lakini usitarajie muujiza. Wengi wanadhani dhahabu ndiyo inayogusa karatasi. Haigusi. Mwishoni mwa nibu kuna kichembe cha madini magumu kilichochomelewa, na hicho ndicho kinachoandika, iwe kalamu ya elfu hamsini au ya milioni tano. Dhahabu inasaidia kwa kuwa hailiwi na wino wala na hewa ya chumvi (sisi wa pwani tunaijua, inakula mpaka bawaba za milango), na kwenye baadhi ya kalamu inanepa kidogo chini ya mkono. Ukitoka nibu ya dhahabu ya laki tano ukaenda ya milioni tatu, hapo kwenye karatasi sijaona kilichoongezeka. Kinachoongezeka ni umbo, jina, ufundi wa mwili wa kalamu, na raha yako ukiishika. Raha si haramu, ila usiiite uandishi.

Kabla sijakusimulia 149 yangu ya kweli, nikupe habari ya ile feki, maana najua utaanza kuwinda ya mtumba. Nikiwa bado wakili mchanga nilinunua "149" kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, laki sita, "imetumika kidogo bosi". Nyota nyeupe ipo juu ya kifuniko, 4810 imechongwa kwenye nibu, namba ipo kwenye pete ya klipu. Nikafungua mwili nikakuta konveta, kile kibomba cha kuchomeka cha kunyonyea wino, nikaona sawa tu. Mwaka mzima naringa nayo mahakamani, mpaka wakili mmoja mzee akaiomba aitazame. Akaifungua, akacheka kimyakimya, akanirudishia bila neno. Nilikuja kuelewa baadaye. 149 haina konveta. Ina pistoni iliyojengwa ndani, unazungusha kitako cha nyuma, na mwili wenyewe ndio tangi la wino. Ukikuta katriji (kichupa cha wino cha kuchomeka) au konveta ndani ya kitu kinachoitwa 149, kimbia. La pili, feki nyingi ni nzito, shaba tupu ndani. Ya kweli mwili wake ni plastiki ambayo wenyewe wanaiita resini ya thamani, na ukiimulika kwa tochi kali weusi wake unatoa wekundu wa mbali, kama juisi ya rozela. Tochi ya simu inatosha, nenda nayo kwenye biashara.

Ya kweli ililetwa na mtoto wa ami yangu aliyeko Muscat. Aliipata kule kwa mtu aliyekuwa anauza makusanyo yake. Jamaa katika furaha yake akainyonyesha wino nusu tangi ili anikabidhi ikiwa tayari kuandika, akaichomeka mfuko wa kanzu, akapanda ndege. Ndege ikipanda juu, mgandamizo wa hewa ndani unapungua, ile hewa iliyo kwenye tangi inatanuka na kuusukuma wino nje. Kalamu iliyojaa pomoni haina hewa ya kutanuka, iliyo tupu haina wino wa kumwaga, mbaya ni ya nusu. Katua Dar kifuani ana ramani ya bluu. Ukisafiri nayo, ijaze au iondoe wino wote, na nibu itazame juu.

Haya, 149 yenyewe. Wajerumani wa Hamburg wanatengeneza jamii hii ya Meisterstück tangu 1924, na 149 ilitoka 1952. Ile 4810 ni urefu uliozoeleka kutajwa wa mlima Mont Blanc, kwa mita. Ni kalamu nene, inajaza kiganja kama mpini wa mwiko, na kwa kuwa ni nene vidole haviibani, ndiyo maana watu wenye viganja vikubwa wanaiapia. Usichomeke kifuniko nyuma unapoandika, inaelemea nyuma. Wino inautoa kwa ukarimu. Mstari unang'aa kwanza, halafu unakauka polepole.

Na hapo ndipo mkono wangu wa kushoto uliponiadhibu. Mtu wa kulia kiganja chake kinatangulia mbele ya maneno. Cha kwangu kinafuata nyuma, kinapita juu ya kila nilichoandika. Nibu niliyopata ni M, yaani ya upana wa kati, na M ya Montblanc ni pana kweli. Wiki ya kwanza mashauri yangu yote yalikuwa na mkia wa bluu, na ubavu wa mkono nao wa bluu, karani akaniuliza kama nimeanza kupaka rangi nyumba. Wanaonunua mpya kwenye maduka yao wana nafasi ya kubadilishiwa nibu ndani ya muda mfupi, kwa hiyo ukienda dukani ulizia. Mimi wa mtumba sikuwa na pa kwenda. Matokeo yake kalamu yangu ya bei kubwa kuliko zote ndiyo ninayoitumia kidogo kuliko zote: sahihi, barua, kadi za harusi.

Kalamu yangu ya kila siku ni Platinum 3776 Century, nibu F (yaani nyembamba), ya Kijapani. Fahamu kwamba F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Kijerumani, karibu saizi nzima, na mstari mwembamba unakauka haraka. Haitelezi kama 149, ina kamkwaruzo ka penseli, na mimi nakapenda kwa sababu mwandiko hautoroki. Kifuniko chake kina kizibo cha ndani kinachobana nibu, wenyewe wanadai wino haukauki mpaka miaka miwili. Miaka miwili sijapima. Nilichopima ni joto la Tanga mwezi wa pili: kalamu nyingine nikiziacha wiki mbili zinaanza kugoma, hii nimeisahau kwenye droo miezi mitatu na ikaandika neno la kwanza bila kunung'unika. Jina lake nalo ni la mlima, Fuji, mita 3,776. Wajerumani na mlima wao, Wajapani na mlima wao, sisi tuna 5,895 na hatujachonga hata kiberiti. Haya tuendelee.

Lamy 2000 nayo niliimiliki. Umbo lake, kazi ya mbunifu Gerd A. Müller, ni la 1966 na ukiitazama unaweza kudhani imetoka mwaka jana. Nzuri sana mkononi, lakini nibu yake inataka uishike kwa pembe moja tu, na mimi naigeuza kidogo kama mashoto wengi. Ikawa inaruka maneno. Nikaiuza kwa rafiki wa mkono wa kulia, anaisifia kila tukikutana. Kalamu ileile, usisahau.

Kitu ambacho hakuna aliyekutajia ni karatasi. Mkuu, unaandikia nini? Kama ni kaunta buku zetu hizi, jiandae. Wino wa kalamu hizi ni maji, na karatasi laini inaunywa: herufi zinaota mizizi pembeni, na ukigeuza ukurasa unakuta maneno yametokeza nyuma kama jasho kwenye shati. Nibu pana ya milioni tatu kwenye kaunta buku inaandika vibaya kuliko biki, na hapo yule mdau ana haki kabisa. Nibu nyembamba inapunguza balaa. Karatasi za rimu za gramu themanini zinatofautiana, hata ndani ya jina moja rimu hii nzuri, ile mbovu, kwa hiyo nikienda stesheneri naomba karatasi moja nijaribu palepale, wameshanizoea. Daftari za Clairefontaine na Rhodia za Ufaransa zinapokea wino vizuri mno, ila karatasi yao haina haraka ya kunyonya, na mashoto kama mimi tunalia tena. Kwa hiyo hata karatasi bora si bora kwa kila mtu.

Wino nao ulinifunza kwa gharama. Bluu nyingi za kawaida zinafutika kwa maji, zimetengenezwa hivyo makusudi. Masika moja paa la ofisi likavuja usiku juu ya kabati. Asubuhi nakuta faili mbili zimelowa. Ya kwanza niliiandika kwa bluu ya kawaida, imebaki mawingu tupu. Ya pili niliiandika kwa Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi, na kila neno lilisomeka. Ile ina chumvi za chuma, ikishakauka inazidi kuwa nyeusi na kuing'ang'ania karatasi. Tangu siku hiyo mambo ya kazi ni wino wa chuma tu. Sharti lake ni usafi, usiuache ukaukie ndani ya kalamu. Kila mwezi nyonya maji safi ya baridi na uyateme mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana, na spiriti usithubutu, inaweza kuupasua mwili wa kalamu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe? Ningenunua 3776 au kalamu ya daraja hilo, kidau kimoja cha wino wa kudumu, na hela iliyobaki ningeipeleka kwenye friji kabla sijaulizwa. Andika nayo miezi sita. Ukikuta bado unaiota 149, basi ni mapenzi, nunua, lakini mtafute kwanza mtu aliye nayo, uandike ukurasa mzima kwa karatasi unayotumia kazini. Sahihi moja dukani kwenye karatasi yao haikwambii kitu, pale kila kalamu inateleza.

Mleta mada umeuliza pia kama ya thamani inafaa kuitoa kwa wateja wasainie, ionekane ofisi ina hadhi. Nilikuwa na Pelikan M800 ya mistari ya kijani, klipu yake ina umbo la mdomo wa ndege mwari, na kwa kuandika ndiyo kalamu niliyoipenda kuliko zote. Mzee mmoja mteja akaja kusaini mkataba, nakala tatu, kwa karatasi za kaboni. Nilikuwa kwenye simu. Kaiokota mezani, kaona haitoi mpaka kwenye nakala ya tatu, akaikandamiza kwa nguvu za mkulima wa mkonge. Nilipogeuka nibu imepanuka miguu huku na huku, na mzee ananiambia, "Wakili, peni yako mbovu hii." Ningemlaumu vipi? Pelikan nibu zake zinafunguliwa kama skrubu na unaweza kuagiza nyingine, lakini nibu peke yake ilinitoka pesa ambayo ningepata kalamu nzima.

Siku hizi pale mezani upande wa wageni kuna kikombe chenye biki sita, na kwa kaboni hakuna kinachozishinda. 149 iko droo ya kulia, yenye kitasa. Ukipita Tanga nitumie ujumbe humu ndani, uje na daftari lako, nitakufungulia hiyo droo uandike mpaka utosheke.