Jibu: Sukuma wiki bila shamba

Dada, umeuliza kama mpangaji wa chumba kimoja Kibera, Nairobi, anaweza kujilisha mboga za kupanda kwenye magunia, au hizi ni hadithi za mashirika tu. Anaweza, lakini ni mboga tu. Unga bado utanunua.

Chukua gunia, simamisha katikati mkebe uliokatwa juu na chini, ujaze kokoto. Zungushia udongo wenye samadi, vuta mkebe juu, rudia hadi gunia lijae. Mawe hayo ndiyo yanayofikisha maji chini. Usipoyaweka, miche ya chini inakauka na ya juu inaoza. Toboa ubavuni, panda sukuma wiki na spinachi. Juu weka vitunguu. Gunia moja hubeba hata miche 30.

Udongo usichote kando ya mtaro, hapo sina mzaha. Risasi, ile metali yenye sumu, ya betri kuukuu zilizotupwa hapo ikishanyonywa na mizizi, kuosha majani hakuitoi.

Magunia yalienea sana Kibera kuanzia 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, bei ya chakula ilipopaa. Kaunti ya Nairobi ikatunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Vizuri, ila sheria haikupi nafasi wala maji. Ukinunua maji ya mtungi kila siku, sukuma ya sokoni itakuwa rahisi zaidi! Tumia yale ya kuoshea mchele na mboga.

Na mwenye nyumba mwambie mapema. Wangu alikasirikia matope kwenye korido, nikampelekea fungu la spinachi, akanyamaza.