Mchumba wa chama kingine: tazama anavyowasema watu wako

Mdogo wangu, umeuliza kama uolewe na kijana wa ACT-Wazalendo ilhali kwenu nyote ni CCM. Nakujibu kwa niliyoyaishi.

Niliolewa hapa Unguja mwaka 1994. Mimi binti wa nyumba ya CCM, mume wangu Mpemba, kwao CUF watupu, chama cha upinzani. Mwaka uliofuata Dk. Salmin Amour wa CCM akatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8. Kule Pemba watu walisusiana maduka, wakaacha kuzikana, talaka zikatoka. Kwetu sisi shinikizo halikuanzia chumbani. Lilitoka kwa kaka zangu na mawifi, kila upande ukitaka nioneshe mimi ni wa nani. Kaka zangu walirudi kukanyaga kwangu baada ya Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwahi kuwagawa wavulana wa shule mjini Bristol kwa madai kwamba hawa wanapenda picha za mchoraji Klee na wale za mchoraji Kandinsky. Hilo tu, na wakaanza kuwapendelea wa kundi lao katika kugawa pesa. Sasa chama ulichokikuta nyumbani, chenye maskani yake na marehemu wake, kitakushika kiasi gani? Ndiyo maana anayekitukana unahisi amemtukana baba yako.

Mume wangu tulibishana mpaka alfajiri, na sikuona ndoa ikitikisika. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa huko Marekani, alikuta dharau ndiyo inayoashiria talaka kuliko ugomvi wenyewe. Nami nimeliona. Jirani yangu alikwenda kupiga kura ya marudio ya uchaguzi wa Zanzibar Machi 2016, ile ambayo CUF iliisusia. Mumewe alipouona wino kidoleni akamwacha. Lakini huyo bwana alikuwa akiwaita wakwe zake vibaraka miaka mingi kabla, mbele ya watoto, na hakuna aliyemkanya. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo kadi yake isikutishe. Sikiliza anavyomtaja baba yako akiwa na wenzake barazani. Ndugu zake wakiwasema vibaya watu wako mbele yake, hunyamaza au huwakatiza? Na muulize waziwazi, kabla ya posa, kama kura yako itabaki yako. Akijibu "tutaona", usikubali mahari ipokelewe.