Nyota Wako Akipewa "Thank You": Namna ya Kuuvuka Mwezi wa Saba

Kila mwaka ligi ikishaisha, sisi mashabiki wa Simba na Yanga tunaingia msimu mwingine usio na refa. Dirisha kubwa la usajili likifunguliwa tu, simu haikai mfukoni. Saa sita usiku mtu yuko Instagram anaangalia kama klabu imeweka picha ya kipenzi chake na maandishi ya "Thank you", yaani ameagwa. Ikiwekwa, wapo watu wazima wenye familia zao ambao kesho yake chai haipiti. Msiwacheke. Mimi ni Simba tangu utotoni, naishi Temeke, Uwanja wa Mkapa nauendea kwa miguu, na nimeshuhudia wengi wakiondoka mpaka nimejiwekea utaratibu wa kuyabeba haya mambo. Uwe Mnyama wa Simba pale Msimbazi au Mwananchi wa Yanga pale Jangwani, naamini utakufaa.

Kabla hujanuna, uliza kwanza: ameondokaje? Watu wanasema "katuacha" kwa kila mchezaji, kumbe kuna aliyeuzwa, kuna aliyemaliza mkataba, kuna aliyeachwa na klabu, na kuna aliyegoma. Maumivu yanafanana lakini kesi ni tofauti. Aliyeuzwa ameacha hela, kwa hiyo swali lako la kuuliza ni hela hiyo imemleta nani. Aliyemaliza mkataba hana deni na mtu. Hapo wa kuulizwa ni viongozi, walikuwa wapi. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kuzungumza na klabu nyingine na hata kusaini nayo. Maana yake, nyota ambaye mkataba wake unaisha Juni anaweza kuwa ameshamalizana na watu wengine wakati wewe bado unaimba jina lake jukwaani mwezi wa pili. Ndiyo maana kila Januari mimi hupitia kikosi chetu na kutafuta nani anaelekea mwisho bila habari za kuongezewa. Huyo naanza kumuaga taratibu, kimoyomoyo. Ikifika Julai nimeshalia nusu.

Na kuna wakati kuondoka kwenyewe kuna nafuu kuliko kusubiri. Waulizeni Yanga kuhusu Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto alitaka kuvunja mkataba, klabu ikakataa, kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na sakata likavuta miezi hadi Rais Samia mwenyewe akawaomba Yanga walimalize, Juni 2023. Akaenda Azam. Rafiki zangu wa Jangwani waliniambia siku ile walipumua. Nusu mwaka mzima walikuwa hawajui wamtukane au wamuombe arudi mazoezini.

Sasa niwape ya kwetu, kwa sababu hakuna dirisha lililoniumiza kama la Agosti 2021. Tulikuwa tumetoka kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Februari mwaka ule Luis Miquissone, tuliyemwita Konde Boy, aliwafunga Al Ahly ya Misri kwa shuti ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasimama, na miezi sita baadaye Al Ahly haohao wakaja kumchukua. Dirisha hilohilo Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Chama! Yule wa Desemba 2018, tulipohitaji bao la tatu dhidi ya Nkana ili tuingie makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, dakika zimekwisha, akaupiga kwa kisigino kana kwamba yuko mazoezini. Yule wa bao la dakika za mwisho kwa AS Vita, Machi 2019, lililotupeleka robo fainali.

Watu walijaribu kutuliwaza kwa ule msemo wa kila siku, kwamba hakuna mchezaji mkubwa kuliko klabu. Ni kweli, lakini usimwambie mtu maneno hayo siku ya kwanza. Pengo lilikuwepo na lilionekana. Septemba, Ngao ya Jamii, mgeni wa Yanga Fiston Mayele akatufunga, 1-0. Oktoba, Ligi ya Mabingwa Afrika, tukashinda 2-0 Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, tukarudi nyumbani kifua mbele, tukapigwa 3-1 na kutolewa kwa bao la ugenini. Yanga wakabeba ubingwa msimu ule. Anayesema kuondoka kwa wale wawili hakukutugusa hakuwa uwanjani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ruhusu msiba uwepo. Nenda kijiweni, simulia mabao yake yote, mbishane lipi lilikuwa bora, tazameni video. Wiki moja, mbili, inatosha. Kisha zima sauti ya magrupu ya WhatsApp, hasa yale ya tetesi, maana huko kila saa nyota wako anaonekana uwanja wa ndege mwingine. Nimegundua sehemu kubwa ya mateso ya Julai hailetwi na mchezaji kuondoka. Inaletwa na kuambiwa ameondoka, hajaondoka, ameondoka tena, kabla ya klabu yenyewe kusema neno.

Halafu rudi uwanjani mapema. Nasisitiza hili kwa sababu nawajua waliosusa msimu ule wa 2021/22, wakasema hawakanyagi Mkapa bila Chama. Wakakosa kuiona kwa macho yao ile tik-taka, bao la kujipindua hewani, ya Pape Ousmane Sakho dhidi ya ASEC Mimosas, Februari 2022, iliyokuja kuchaguliwa na CAF kuwa bao bora la mwaka. Sakho alikuwa ndio kwanza amesajiliwa, kijana wa Kisenegali ambaye Agosti nusu ya jukwaa lilikuwa linamtazama kwa jicho la "huyu ndiye mbadala wa Konde Boy?" Swali la kijinga. Mgeni mwache acheze mpira wake, mpe angalau mzunguko wa kwanza uishe ndipo umhukumu. Wachambuzi wa redioni wana kipindi cha kujaza kila asubuhi. Wewe huna.

Kitu kingine, usiishi kwa matumaini kwamba atarudi. Chama alirudi dirisha dogo la Januari 2022 na tukafurahi kweli, na hilo likatuharibu, maana tukaamini kila anayeondoka atarudi akiwa vilevile. Miquissone naye akarudi 2023. Katikati hapo alikuwa hapati nafasi Cairo, akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia. Tuliyempokea hakuwa yule wa Februari 2021, na wala sikumlaumu. Tuliodai awe yule ni sisi. Msimu ule tulimaliza wa tatu.

Upande wa pili wa mtaa, jirani yangu mwenye duka ni Yanga kindakindaki. Mayele alipouzwa Pyramids ya Misri mwaka 2023, mzee wa watu aliacha kuja kibanda umiza. Na alikuwa na haki. Mayele alikuwa ametoka kuwapeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika akiwa mfungaji bora wa mashindano, na kwenye ligi alimaliza na mabao 17 sawa na Saido Ntibazonkiza wetu. Kocha Nabi naye alikuwa ameshaondoka. Nilimtania mzee sana, nakiri kwa furaha kabisa. Ikafika dabi ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga wakatufunga. Sitaki kuandika matokeo lakini mnayajua: 5-1. Siku ile jirani hakumtaja Mayele hata mara moja. Alikuwa na Maxi, na Pacome, na Aziz Ki ambaye alimaliza ligi na mabao 21. Cha kuchekesha, mwaka 2025 Pyramids walipobeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Mayele akifunga kwenye fainali, mzee akanunulia soda watu kibandani: "Mayele wetu huyo!"

Na hapo kuna raha ambayo mashabiki wengi hawaifaidi. Aliyekwenda mbali anaweza kuendelea kuwa wako. Sisi tulimtoa Mbwana Samatta kwenda TP Mazembe mwaka 2011. Akabeba Ligi ya Mabingwa 2015, akaenda Genk, na Machi 2020 tukamuona akiifungia Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley. Nani wa Msimbazi aliyekuwa bado ana kinyongo cha 2011? Gor Mahia nao waliagana na Michael Olunga baada ya msimu wa 2015 ambao hawakufungwa mechi hata moja kwenye ligi. Mwaka 2020 akafunga mabao 28 Japani na kuwa mchezaji bora wa ligi yao. Tena kuna faida ya mfukoni. Uhamisho wa kimataifa ukilipiwa ada, asilimia 5 hugawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Ukitaka kuisumbua klabu yako, isumbue kwa hilo: je, inafuatilia mgao wake?

Nimelikwepa kwa muda mrefu lile gumu zaidi, la mtu kuvuka barabara. Julai 2024 Chama akatambulishwa Yanga. Mwaka uliofuata akaenda huko Mohamed Hussein, tunayemwita Tshabalala, nahodha wetu, aliyekuwa nasi tangu 2014. Aliyekwenda Cairo unamkosa. Aliyekwenda Jangwani unakutana naye kwenye dabi, na mtani wako wa ofisini anakusubiri getini Jumatatu. Kwa hili sina dawa ya kumaliza maumivu. Nina ya kupunguza.

Kwanza, kumbuka hii biashara ni ya zamani. Okwi alicheza kwetu, akacheza kwao, akarudi kwetu na kutufungia mabao 20 msimu wa 2017/18. Ajib alikwenda akarudi. Niyonzima, Tambwe, Morrison, orodha ni ndefu na imejaa pande zote mbili. Msimbazi na Jangwani ni mwendo wa miguu. Chama mwenyewe alikaa huko msimu mmoja, na 2025 alikuwa ameshahamia Singida Black Stars. Pili, mtani akianza, kubali haraka. "Ndiyo, mmemchukua, alikuwa mzuri." Utani unakosa chakula unapokubaliwa. Ukianza kusema alikuwa ameisha, kesho akifunga utahama mtaa. Tatu, jezi usichome. Umeinunua kwa hela yako, na video yako ya moto itasambazwa kila dabi mpaka uzeeke. Nne, usiende kwenye ukurasa wake kumtukana. Mke wake anasoma, watoto wake watasoma. Mzambia amekuja Dar es Salaam kutafuta riziki, ana miaka michache ya mguu kufanya kazi, akiona mshahara mnono anafanya kile ambacho wewe ungefanya kampuni ya jirani ikikuongezea.

Jezi mpya nimeacha kuziandika jina la mchezaji. Ya binti yangu nimemwandikia jina lake mwenyewe, klabu haiwezi kumpa "Thank you" huyo. Watoto ndio wagumu zaidi, maana wao hawana habari za mkataba. Tshabalala alipoondoka aliniuliza kama sasa ni mtu mbaya. Nikamwambia hapana, amebadilisha kazi, na Taifa Stars bado anatuchezea sote. Akafikiri kidogo, akaniambia sawa, atamshangilia, lakini akiwa amevaa jezi ya Stars tu, na baba yake Yanga wa dukani asiambiwe.

Huyo "baba yake Yanga" ni yule jirani. Ameshaambiwa, na amemuahidi biskuti siku Tshabalala atakapotufunga.