Nani kamuua Bwana Ali? Wodi nzima ilitaka kujua

Swali la wiki hii mmeuliza ni mwandishi gani wa riwaya za upelelezi tumemgundua tukiwa tumechelewa, na msomaji mpya aanze na kitabu chake kipi. Mbukwenyi wote. Mi huwa nasoma majibu ya wenzangu nafunga, sijawahi kuandika, ila hili limenigusa pabaya, na naona kabisa nitajibu nusu ya swali, mnivumilie.

Jibu lenyewe ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, yule aliyemtunga mpelelezi Bwana Msa. Nimemjua mwaka juzi nikiwa na miaka thelathini na nne. Nimesoma hapahapa Dodoma toka darasa la kwanza mpaka diploma, vitabu vya yule jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba tulikuwa tunapokezana bwenini mpaka jalada linabaki na mtu mwingine na kurasa na mtu mwingine, Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndo usiseme, afu huyu aliyewatangulia wote, aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale kikashinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kikatoka kitabu 1960, yaani Tanganyika haijapata hata uhuru, sikuwahi kutajiwa na mwalimu hata mmoja. Nilipoanza kuandika hapa nilitaka nilaumu mitaala mwanzo mwisho. Ngoja kwanza nieleze nilivyompata.

Babu yangu mzaa mama alikuwa anatolewa mtoto wa jicho. Wodi ya macho ya wanaume, mi ndo namuuguza, usiku nalala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Nyie wa huku kati mnaijua wodi ya macho ilivyo, vumbi letu, ule upepo wa Julai na Agosti, nzi, maji ya kufuata mbali mpaka mtoto ananawishwa uso na kikombe kimoja, na ugonjwa wa vikope ambao Kongwa watafiti wamekuja kuuchunguza miaka na miaka. Kitanda cha jirani alikuwa mwalimu mstaafu wa hukohuko Kongwa, kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho, kafanyiwa operesheni macho yote mawili. Siku ya kwanza kafungwa bendeji, siku zilizofuata kafunguliwa ila kope zimevimba na kakatazwa kusoma. Chini ya mto alikuwa na kitabu kakiviringisha kwenye kitambaa.

Usiku wa kwanza akaniita. "Mjukuu wangu, Kiswahili unakisoma vizuri?" Nikamwambia nasoma, Mwalimu. "Basi kaa hapa, nisomee taratibu, usinikimbizie."

Kilikuwa ni hicho Mzimu wa Watu wa Kale. Mtu mwenye mali zake, Bwana Ali, kakutwa ameuawa, na maiti yake iko penye mzimu, pale mahali watu wanapopaogopa. Kuna Inspekta Seif wa polisi, kuna Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum ambaye anaona kila anachokiona Msa ila haelewi alichokiona. Mwalimu alikuwa ananisimamisha kila dakika. Nikisoma neno la Kiunguja kwa haraka ananirudisha. Nikifika mahali Msa kauliza swali ananiambia funga kitabu, afu anauliza wodi nzima, haya, mnamshuku nani?

Kumbe watu walikuwa wanasikiliza! Mi nilidhani wamelala. Mzee mmoja wa Bahi hakuwa anakijua Kiswahili sana, kijana wake akawa anamtafsiria kwa Kigogo, kwa hiyo nikimaliza ukurasa inabidi nisubiri mpaka na yeye afike. Mwingine alikuwa dereva wa lori, jicho moja limepigwa na jiwe, yeye tangu mwanzo kamshuku mtu mmoja na hakubadilika mpaka anatoka hospitali. Saa nne nesi anakuja kuzima taa, siku ya pili alikuja saa nne akasimama mlangoni, taa ikazimwa saa tano kasoro.

Usiku wa tatu ndo ubishi ukawa mkubwa. Nusu ya wodi wanasema huu mzimu wenyewe ndo umeua, kwani mnataka nini zaidi, maiti si iko palepale? Na walikuwa wanasema kweli kutoka moyoni, sio utani, ni watu wazima wenye wajukuu. Mwalimu kalala anaangalia juu, akasema Bwana Msa hauulizi mzimu kitu, Bwana Msa anauliza fulani alikuwa wapi na saa ngapi. Yule wa Bahi kwa Kigogo akasema basi kama sio mzimu ni mchawi kautumia.

Kulikuwa na bibi mmoja wa wodi ya wanawake, kila usiku anakuja anakaa chini pale mlangoni na khanga yake kajifunika mabega, hasemi neno. Siku hiyo akasema. "Mkishasema mchawi mnaanza kutafuta mwenye macho mekundu. Sasa humu mtamwacha nani?"

Wodi ikanyamaza. Sidhani kama kuna Mtanzania mzima ambaye hakuelewa bibi alikuwa anasema nini, tumesikia redioni miaka yote habari za vikongwe wa kule Usukumani wanaokatwa mapanga kwa sababu macho yamekuwa mekundu, macho ya moshi wa kuni ya mtu aliyepika miaka sitini. Nikageuka kumwangalia babu, nikakuta kageukia ukutani. Nikadhani jicho linamuuma. Asubuhi nampa uji ndo akaniambia, mara ya kwanza katika maisha yangu nasikia, kwamba dada yake mkubwa alifukuzwa kijijini baada ya mtoto wa jirani kufa, akaenda kufia kwa watu Manyoni huko. "Hakuna aliyeuliza yule mtoto aliumwa nini," akasema. "Siku mbili tu, mtoto kafa, wakaja kwetu." Akanywa uji wake. Hajawahi kulirudia tena na mi sijamuuliza.

Najua nimekaa sana hapa na mmeniuliza habari za vitabu. Ila mi nikiulizwa kuhusu mwandishi huyu kinachonijia ni uji ule.

Ijumaa Mwalimu akaruhusiwa, akaviringisha kitabu chake akaondoka nacho, na sisi tulikuwa bado hatujafika mwisho. Nilimwomba aniambie tu muuaji. Akakataa katakata! Akasema kitafute. Nikakitafuta miezi saba, kwa wauza vitabu vya mitumba, kwa walimu ninaowajua, nikampa hela binti wa dada yangu anayesoma Dar atazame huko, na katika kutafuta nikapata Kisima cha Giningi cha 1968 kabla ya huo Mzimu, nikakisoma usiku mmoja. Giningi si ndo kule wanakosema wachawi wanakutania, na Bwana Msa anaingia na akili zake zilezile, anapima, anauliza, anavuta kiko.

Afu Mwalimu kabla hajaondoka alinieleza jambo ambalo baadaye niliona ni la kweli, kwamba Abdulla alizaliwa Makunduchi 1918 na kabla hajawa mwandishi wa magazeti alikuwa bwana afya. Baadaye ndo akahariri Zanzibari, na kwa muda mrefu gazeti la Mkulima. Kwangu mimi hilo la bwana afya linaeleza kila kitu. Bwana afya akifika nyumbani kwako na mtoto anaharisha hakuulizi umemkosea nani, anaomba kuona kisima na choo. Msa naye ni hivyohivyo. Watu wanasema kamfuata Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na ni kweli kamfuata, kiko kile na Najum yule havikuja hivihivi, ila mi naona nusu nyingine ya Msa imetoka kwenye kile kibarua cha kukagua visima.

Mzimu nilikuja kuupata, na mwisho nikausoma peke yangu nyumbani Chang'ombe, jioni, watoto wamelala. Nisiseme uongo, haukunikamata kama nilivyotegemea. Bwana Msa akianza kueleza anaeleza kweli, na mi nilikuwa nasubiri kusikia dereva wa lori akipiga kelele kwamba alisema toka mwanzo, na yule mzee wa Bahi akitafsiriwa. Hapakuwa na mtu.

Kwa hiyo ile hasira ya mitaala imepungua kidogo hapa ninapoandika. Nilitaka niseme kiwekwe darasani. Ila nakumbuka tulivyosomeshwa riwaya, andika wahusika, andika dhamira, andika tamathali tano za semi, na nikifikiria Bwana Msa anaulizwa kwenye mtihani sijui kama ningemtakia hivyo. Labda sikumkuta shuleni ndo maana nimempenda. Au labda sivyo, kuna watoto huko vijijini hawatapata Mwalimu kitanda cha pili, na hao wasipompata shuleni hawatampata kabisa. Hapo bado sijaamua.

Na kuhusu aanze na kipi, nilikuwa najiandaa kuwaambia lazima Mzimu kwanza, afu Kisima, afu Duniani Kuna Watu cha 1973, kwa mpangilio. Wakati mimi mwenyewe nilianza na nusu ya cha kwanza nikarukia cha pili nikarudi, na hakuna kilichoharibika. Anza na chochote utakachokipata, kupata kwenyewe ni kazi. Mdogo wangu wa miaka kumi na saba aliyezoea simu nisingempa Abdulla kwanza, ningempa Joram Kiango, kwa sababu sentensi za Abdulla zinatembea kama mtu mzima anayetoka msikitini, na kijana akisinzia ukurasa wa kumi hatarudi tena. Lakini mtu mwenye wazee nyumbani, wa kuwasomea kwa sauti, huyo aanze na Mzimu leo, na asiwaambie muuaji hata wakiomba.

Babu anaona vizuri sasa ila kusoma hakujua tangu zamani. Nimemsomea ule Mzimu wote mpaka mwisho, akasema "nilijua ni mtu". Sasa anataka Siri ya Sifuri, kingine cha Abdulla, na hicho sina. Kama kuna msomaji wa Dodoma mjini anacho, hata kama jalada limetoka, naomba kuazima wiki mbili, nitakirudisha mwenyewe kwa mkono.