Wasomaji Wanauliza: Huyu mchoraji wa kiwavi alitokea wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mwanangu ana miaka 4 na kila usiku lazima nimsomee kile kitabu cha kiwavi mwenye njaa (The Very Hungry Caterpillar), nimeshakikariri mpaka naweza kukisoma taa ikiwa imezimwa. Sasa nataka kujua huyu Eric Carle ni nani hasa, Mjerumani au Mmarekani, na alianza hii kazi tangu mdogo? – Mama Usingizi

JIBU: Mama Usingizi pole aisee, na hongera pia. Yeye ni wa kote kote. Alizaliwa Marekani, mji wa Syracuse, mwaka 1929, wazazi wakiwa ni wahamiaji wa Kijerumani, halafu alipofika miaka 6 mama yake akazidiwa na hamu ya kwao wakarudi zao Stuttgart. Kurudi kwenyewe ndo wakati ule wa Hitler. Vita ikaja, baba akachukuliwa jeshini akaishia kuwa mateka wa Wasovieti, na huyo baba ndo aliyekuwa akimtembeza msituni kumfunulia mawe na magome ya miti amuonyeshe vidudu vilivyojificha chini yake, kwa hiyo ukiona vitabu vyake vimejaa wadudu usishangae, mi naona pale anamchora baba yake tu. Shuleni nako mwalimu wake wa sanaa alimuonyesha kwa siri picha ambazo serikali ya Nazi ilikuwa imezipiga marufuku, zile za farasi wa bluu na rangi zisizofuata uhalisia, na dogo hakuzisahau.

Kuhusu kuanza mapema, hapana! Alisomea sanaa Stuttgart, 1952 akarudi New York na dola 40 mfukoni, akapata kazi ya usanifu wa michoro gazeti la New York Times, mara jeshi la Marekani likamchukua na likampeleka wapi? Ujerumani tena. Baadaye akawa bosi wa picha kwenye kampuni ya matangazo. Siku moja mwandishi Bill Martin akaona kambakoche mwekundu aliyemtengeneza kwa ajili ya tangazo, akamtafuta amchoree kitabu chake, nacho kikatoka 1967. Jamaa alikuwa anakaribia miaka 40 hapo.

SWALI: Kaka mhariri mi najifunza kuchora, nimejaribu kuiga rangi zake kwa brashi haitoki kabisa. Anatumia rangi gani? – Mkono Mzito

JIBU: Mkono wako hauna shida mdogo wangu, ni kwamba unachora na yeye alikuwa anakata! Alichukua zile karatasi nyembamba laini, akazipaka rangi za akriliki kwa brashi, vidole, hata vipande vya kapeti ili zipate mistari na mabaka, akaziacha zikauke akazipanga kwenye droo kwa rangi, kijani huku nyekundu kule, akitaka jani anatoa kipande anakata anabandika kwa gundi. Jaribu hivyo uone.

Na wazo la kiwavi lenyewe lilitoka kwenye mchezo, alikuwa anatoboa rundo la karatasi kwa kile kimashine cha ofisini, akaona matundu akawaza mnyoo anayetafuna vitabu. Mhariri wake Ann Beneduce hakumpenda huyo mnyoo (nani angempenda), wakajadiliana mpaka wakafika kwa kiwavi, na hapo ndo hadithi ikapata mwisho wake maana mnyoo hageuki kipepeo. Shida ikabaki kuchapa, kurasa zina matundu na hazilingani ukubwa, Marekani hakupatikana wa kuifanya kwa bei inayoeleweka, ikabidi kikachapwe Japani, kikatoka 1969. Kwa hiyo ukiwa na wazo la ajabu usilitupe kwa sababu mchapaji wa kwanza kakataa, ila mtafute na mhariri atakayekukatalia mnyoo wako.

SWALI: Binti yangu kasoma sayansi anasema kitabu kina kosa, kipepeo hatoki kwenye kifukofuko cha nyuzi. Kweli? – Baba Mbishi

JIBU: Kweli, wanaojifunga kwenye nyuzi ni nondo wengi, kipepeo kwa kawaida anatoka kwenye bundo (ile hatua kati ya kiwavi na kipepeo) lenye ganda gumu. Carle aliambiwa sana na hakubadilisha, mpaka amefariki Mei 2021 akiwa na miaka 91 kifukofuko kiko pale pale. Mpe binti pointi yake.